Redio Ambayo Papa Alikataa Kuitoa

Tangu turudi, kila anayepita mlangoni kwetu Mapendo, hapa Goma, anasimama kuuliza ilikuwaje, na mimi kila mara naanzia mahali tofauti. Leo nasahau tembo, kesho namsahau yule mama wa Kisoro, na mtu anaondoka na nusu ya habari. Basi nimeamua kuiandika yote, mwanzo hadi mwisho, ili ninyi walimu wenzangu wa shule ya Murara msome kwa utulivu. Mambo ya karatasi na mihuri nayaruka. Mipaka nyote mnaijua.

Mapendo: pikapu na gari jipya

Safari yenyewe ilikuwa ya furaha. Kaka yangu Muhindo alikuwa anakwenda Butembo kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, na Papa na mimi tulikuwa ndio wa kumsindikiza. Mama alibaki kwa sababu ya miguu yake. Barabara ya moja kwa moja, ile ya Kanyabayonga, vita imeifunga, kwa hiyo ilibidi tuzunguke: tutokee Bunagana, tuingie Uganda, tuipite nchi ile kwa upande wake wa magharibi, kisha turudi Kongo kwa mlango wa Kasindi.

Muhindo alikuwa ametoka kupata gari jipya, la aina ile inayotumia petroli na umeme pamoja. Likiwaka husikii kitu. Mbele lina kioo kikubwa kama televisheni, na humo unakuta ramani, simu na muziki. Alitaka tupande wote humo, na wakwe zake watuone tukishuka.

"Papa, pikapu ibaki," akasema asubuhi ile uani. "Iko nazeeka. Tutakaa bote muzuri ndani ya hii."

Papa Paluku akachungulia kile kioo kupitia dirishani. "Onde iko wapi humu?"

Onde ndivyo Papa anavyoyaita mawimbi ya AM, yale ya redio za zamani. Muhindo akacheka kidogo. Halikuwa swali geni kwake.

"Haiko, Papa. Iko FM tu. AM ilishakufa. Hata Bazungu benyewe banaitoa ndani ya magari mapya. Moteri ya umeme inaipigia kelele, haisikilizike. Sasa batu banasikiliza simu."

"Simu inaomba mtandao," Papa akajibu. "Onde haiombi mutu kitu."

Akaingia kwenye pikapu yake nyeupe, akakaa. Mjadala ukaishia hapo. Tukaondoka na magari mawili: Muhindo mbele peke yake na zawadi za wakwe, Papa na mimi nyuma.

Lazima niwaeleze jambo hili mapema, maana baadhi yenu hamkumjua Kasoki. Ni mdogo wetu, muuguzi. Alikuwa anafanya kazi kwenye kituo cha afya upande wa Lubero. Vita ilipofika huko, watu walitawanyika porini, na simu yake ikanyamaza. Hatukupata mwili wala habari. Wiki zikawa miezi, na miezi ikaenda ikapita mwaka.

Papa alianza kusikiliza redio ndogo ya mapadri, iko kule chini ya mlima Ruwenzori. Wana mtambo wa zamani wa AM walioachiwa na wamisionari, na kila jioni kabla jua halijazama wanasoma matangazo ya watu wanaotafutana. Hapa mjini inasikika vipande vipande tu, kwa sababu ya nyaya na majenereta, na ndani ya nyumba haisikiki kabisa. Kwa hiyo Papa alikuwa anakwenda kukaa kwenye pikapu uani, milango imefungwa, sikio karibu na kipaza sauti. Siku nyingine aliendesha mpaka Lac Vert, nje ya mji, ili awe mbali na nyaya. Majirani walidhani amegombana na Mama.

Kabla hatujaondoka, alikuwa amempa ujumbe mama mmoja mfanyabiashara wa Beni aufikishe kwa mapadri. Sisi hakutuambia.

Goma mpaka Bunagana

Sitasema mengi kuhusu kipande hiki. Mawe ya volkano tunayatembelea kila siku. Lakini nilikuwa sijapita Rutshuru kwa muda mrefu, na niliposhuka kununua ndizi niliitazama ile milima, Mikeno na Karisimbi upande huu na Muhabura mbele yetu, mawingu yakiwa kiunoni mwao, nikakumbuka kwamba wageni wanavuka bahari kuja kuona kitu ambacho mimi nakipa mgongo nikifua nguo.

Ndani ya pikapu nilichomeka chaja ya simu yangu mahali pa kuwashia sigara. Papo hapo redio ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga.

"Toa ile kitu!" Papa akasema.

"Simu yangu inakufa, Papa."

"Ikufe. Itafufuka tukifika."

Nikaichomoa. Mngurumo ukakoma, na kwaya ya mahali nisipopajua ikasikika, safi.

Kisoro kwenda Kabale: mlima umeshuka

Ukishaingia Uganda unahamia upande wa kushoto wa barabara, na Papa, aliyeendesha kulia maisha yake yote, alikuwa anajisemea kwa sauti, "Kushoto, Paluku, kushoto," kama anamwongoza ng'ombe. Lami ni nzuri. Inapanda ikizunguka, ziwa Mutanda linabaki chini na visiwa vyake, na kila kona unadhani umefika juu, kumbe bado.

Tulipokaribia msitu wa mianzi tukakuta malori yamepanga mstari. Mvua ilikuwa imeuporomosha mlima. Udongo mwekundu, mawe na mti mzima na mizizi yake vilikuwa vimelala katikati ya barabara. Tingatinga lilikuwa njiani linakuja, tukaambiwa. Hakuna aliyejua njiani wapi.

Njaa ikatushika. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima anayechoma viazi kando ya barabara. Nikamwendea na Kiswahili changu chote: "Mama, jambo! Tuuzie viazi." Akashtuka, akavuta kikapu chake, akarudi nyuma. Nikasogea, naye akarudi tena. Dereva mmoja wa lori aliyejua lugha yake akaangua kicheko.

"Dada, huyu anadhani wewe ni askari," akaniambia. "Zamani hapa walioongea Kiswahili walikuwa askari peke yao, na walikuwa hawalipi."

Mimi, mwalimu wa darasa la pili, na kitenge changu cha maua! Nikachuchumaa, nikamwonyesha mikono mitupu, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Mwishowe akaja, akanipapasa kitenge, akasema neno ambalo dereva alilitafsiri kuwa ni zuri. Akatupa viazi vya moto na chumvi ya kuchovya. Nimekula viazi vya Masisi tangu utoto na nilidhani hakuna zaidi. Sasa sina uhakika.

Jua likaanza kuegemea. Kati ya ile milima kile kioo cha Muhindo hakikupata kitu. Kilizungusha duara katikati, kinatafuta na kutafuta. Simu zetu nazo zilikuwa za nchi nyingine. Muhindo akaja kuegemea mlango wa pikapu, uso umechoka. Papa alikuwa anazungusha kitufe taratibu, unywele kwa unywele. Hapo nikaanza kusikia vitu ambavyo sijui nivielezeje. Mwanaume mmoja alisoma habari kwa Kiarabu. Mwanamke akacheka kwa lugha nisiyoijua. Kisha Kiswahili laini cha pwani kikatangaza hali ya bahari, na sisi tulikuwa juu ya mlima, kwenye baridi, midomo ina chumvi ya viazi. Madereva wakakusanyika mmoja mmoja. Ilikuwa kama hewa yenyewe ilikuwa imejaa watu siku zote na sisi ndiyo kwanza tunafunguliwa mlango.

"Papa," Muhindo akasema kwa sauti ya chini, "unatafuta nini?"

"Unajua."

"Papa, bila kukosa heshima. Mutu mumoja anapashwa kusema. Kasoki hayuko tena. Tunakwenda kuoa, na weye uko unamutafuta maiti ndani ya redio."

Nilitamani ardhi iporomoke tena. Neno lile lilikuwa limelala nyumbani kwetu mwaka mzima, na hakuna aliyelitamka. Papa hakugeuka. Akaendelea kuzungusha kitufe.

Halafu ikaja. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mbali na yenye upepo, ikisoma kwa Kiswahili cha kwetu: "...Papa Paluku, wa Goma, kartie Mapendo, anamutafuta binti yake Kasoki, muganga wa kituo cha afya, alikuwaka Lubero. Papa Paluku iko njiani. Atapita Kasindi juma hii, na pikapu ya mweupe. Kasoki, ao mutu anaemujua, apashe habari hapa kwa mapadri..."

Jina la mtaa wetu, jina la baba yangu, kwenye mlima wa nchi ya watu! Wale madereva wakamtazama Papa, wakaitazama pikapu nyeupe, na mmoja wao akavua kofia. Muhindo akaondoka kwenda kusimama peke yake karibu na ule udongo. Tulibaki pale mpaka tingatinga lilipofungua njia.

Kabale mpaka Ishaka: saa mbili tofauti

Tulilala Kabale, na kesho yake kila kitu kilikwenda kombo kwa sababu ya saa. Uganda wako mbele yetu kwa saa moja. Gari la Muhindo lilijirekebisha lenyewe, Papa akakataa kabisa kugusa saa yake ya mkono. Wakapatana kukutana "saa moja kamili", kila mmoja na saa moja yake. Muhindo akatungoja kwenye kituo cha mafuta mpaka akadhani tumepata ajali, akageuza gari kututafuta, tukapishana naye kwenye kona tukienda kumkuta. Tulitafutana vile asubuhi nzima, kwenye barabara moja.

Tulipokutana hatimaye Ishaka, hasira iligeuka njaa. Tukaletewa sahani za katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo ya ng'ombe, mchuzi mzito. Papa akauliza kama kuna sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo. Msichana wa mkahawa akafikiri, akaenda, akarudi na sabuni. Papa akainusa, akamshukuru kwa adabu, akaenda kunawa. Muhindo alicheka mpaka machozi, na Papa naye akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu kule mlimani walitazamana.

Nilipopanda pikapu, Papa akaniambia, macho mbele: "Muhindo haiko mubaya. Naye anamulilia Kasoki, kwa namna yake."

Katunguru: tembo

Baada ya Ishaka barabara inapita kwenye mashamba ya chai, na ghafla nchi inaishia. Kweli, inaishia. Unafika ukingoni, na chini kabisa kuna bonde ambalo jicho halilimalizi, nyasi za dhahabu, mashimo ya volkano yaliyojaa maji kama macho, na maziwa mawili yameunganishwa na mfereji. Upande wa kulia, juu ya mawingu, mahali ambapo hungetazama mlima, palikuwa na theluji ya Ruwenzori. Papa akasimamisha gari bila kuambiwa.

"Ile maji," akaonyesha ziwa la kushoto, "ngambo yake ni kwetu. Ile ni Vitshumbi."

Nikaitazama nchi yangu kutoka nje. Ilikuwa ya buluu. Haikuonyesha dalili yoyote ya vita.

Tukashuka bondeni jua likiwa limeinama. Karibu na daraja la Katunguru magari yakasimama. Tembo walikuwa wanavuka. Mbele alikuwepo jike mkubwa, masikio yanapepea, akafika katikati ya lami akasimama, akatukabili, kama askari wa barabarani, na nyuma yake wakapita wengine, wakubwa kwa wadogo. Sikuwahi kuona tembo. Nilijua ni wakubwa. Sikujua kwamba wanatembea bila kelele, kama gari la Muhindo.

Muhindo, ili aone vizuri, alikuwa amelisogeza gari lake likawa ubavuni mwetu kabisa. Na papo hapo ikawa saa ya matangazo. Redio ya pikapu, ambayo kwa kuwa tumekaribia ilikuwa wazi kama mtu aliye chumba cha pili, ikasema: "...leo tuko na mutu hapa ndani ya studio, anaomba kujibu komunike ya Papa Pa..."

Mngurumo ukaifunika, wa kusaga, ule ule wa chaja yangu mara kumi. Papa akapiga dashibodi kwa kiganja. Nikatazama chaja, haikuwepo. Nikatazama dirishani nikaliona gari la Muhindo, karibu kiasi cha kuligusa, na moteri yake ya umeme. Nikaanza kumpungia mikono kwa nguvu: "Zima! Muhindo, zima!"

Vioo vyake vilikuwa vimefungwa. Aliniona nikipiga kelele, akaona yule tembo jike, akadhani namwambia anatujia. Akarudisha gari nyuma kwa kasi, mita kadhaa, mpaka karibu agonge lori.

Mngurumo ukapungua, ukaisha. Na ndani ya pikapu, kwenye kile kipaza sauti kilichopasuka, alikuwemo Kasoki.

"Papa, ni miye. Kama uko unasikia, ni miye Kasoki. Niko muzima. Nilikuwaka porini na batu bengine, halafu tukafika huku kwenye mashamba ya kakao. Sikujua kama munanitafuta. Ni shofere wa kakao, alisikia jina yangu ndani ya gari yake, akakuya kuuliza pale banapima kakao, nani anaitwa Kasoki wa Papa Paluku. Papa, miye sina simu. Nitaikala kwa njia panda ya Mutwanga, kila siku, tangu asubui. Usipite bila kusimama, Papa."

Tembo wa mwisho akaingia kwenye nyasi. Magari ya mbele yakaondoka. Nyuma yetu wakaanza kupiga honi, na Papa hakuweza kuondoa gari. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anapumua kama mtu aliyetoka majini. Muhindo akaja mbio, amekasirika.

"Juu ya nini munabaki hapa? Munataka tembo batuue?"

Nikamwambia. Alichuchumaa pale pale kwenye lami, akashika mlango wa pikapu. "Ulisikia muzuri?" akaniuliza. "Kavira, ulisikia muzuri?" Nikasema nimesikia vizuri. Akaegemeza paji la uso kwenye mlango, na honi zikaendelea.

Kasindi mpaka njia panda

Mpaka ulikuwa umefungwa tulipofika. Asubuhi tukakuta mto Lubiriha umejaa, maji ya kahawia yanakimbia na magogo, na magari hayaruhusiwi kuvuka hadi maji yashuke. Sisi watatu tulisimama ukingoni tukiyatazama maji kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Mama mmoja alitugawia ndizi za kuchoma bila sisi kuomba, nadhani kwa sababu ya nyuso zetu. Papa alisema mara moja tu, "Atachoka kungojea," kisha akajijibu mwenyewe, "Hapana."

Tulivuka mchana ukiwa umekwenda. Upande wetu ni vumbi, malori, na hewa nzito yenye harufu ya kakao inayokaushwa, chachu na tamu pamoja. Muhindo alitangulia. Kwenye njia panda kulikuwa na wanawake wauza mananasi, mapikipiki, na mwanamke mmoja mwembamba amekaa juu ya jiwe, kitambaa cha kijani kichwani, mtoto mgongoni. Muhindo alimpita. Naye hakulitazama gari lile hata kidogo. Alikuwa anatafuta rangi nyeupe.

Alipoiona pikapu akasimama.

Papa alifungua mlango gari likiwa bado linatembea. Mimi ndiye niliyevuta breki ya mkono. Kasoki akapiga magoti kumwamkia, kama tulivyolelewa, Papa akamshika mabega akamnyanyua, akamtazama uso, mikono, miguu iliyopasuka, akapapasa kichwa cha mtoto, mjukuu ambaye hakujua kama yupo. Nilingoja aseme neno kubwa. Akasema:

"Umekula?"

"Ndiyo, Papa," Kasoki akajibu, na hapo wote wawili wakaanza kulia.

Muhindo alikuwa amerudi kwa miguu. Alisimama pembeni mpaka Kasoki mwenyewe alipomvuta shati. Tukampigia Mama simu. Aliposikia sauti ya Kasoki akasema ni matapeli na akakata. Ilibidi Kasoki apige tena na kumtajia jina alilokuwa anamwita utotoni alipougua, jina ambalo siliandiki hapa. Hapo Goma nzima ilisikia kelele za Mama.

Kwa mapadri

Tulidhani tutampakia Kasoki na mtoto twende moja kwa moja Butembo. Akakataa.

"Mbele ya kwenda, munipeleke tena kwa redio. Jana niliita Papa tu," akasema. "Kuna batu tulikuwaka nabo kule porini. Tuliahidiana. Mwenye atatoka wa kwanza, ataita majina ya bote."

Ile redio ni nyumba ndogo ya matofali nyuma ya kanisa, mlingoti umefungwa kwa nyaya, na Sista mmoja mwenye vipokea sauti masikioni. Saa ya matangazo ilikuwa imefika. Kasoki aliniachia mtoto, akaingia, akakaa mbele ya kipaza sauti. Sisi tukabaki nje kwenye pikapu, chini ya mlingoti, Papa kwenye usukani, mimi na mtoto katikati, na Muhindo akajibana mlangoni, mkono wake ukipita nyuma yangu mpaka begani kwa Papa. Dirisha la studio lilikuwa wazi. Tuliweza kumwona akitamka neno, na neno hilo hilo likatoka kwenye redio ya gari.

Nimezisikia hoja za Muhindo kuhusu magari ya sasa, na simlaumu. Mahali penye lami na minara ya simu pengine mtu haihitaji AM, na nikipewa gari lake leo nitalipokea kwa mikono miwili. Mimi nawaambia tu nilichokiona.

Kasoki hakushika karatasi. Alifumba macho akaanza kuita. Aliita jina, mahali mtu anapotoka, jina la baba au la mke, kisha hali. Mwalimu fulani wa Kirumba, alimwacha mzima, anaelekea upande wa Beni. Binti wa fulani, mzima, mguu umevunjika lakini umeunga. Mzee wa Kayna, alikufa kwa homa, tulimzika karibu na mto, aliomba watoto wake wajue kwamba hakufa peke yake. Nilifikiri juu ya magari yote ambayo sauti ile ilikuwa inaingia wakati ule, kwenye milima, kwenye matope, na watu ndani yao wameacha kutafuna.

"Mbambu, bibi ya Kasereka," akasema Kasoki. "Alizalia porini, miye ndiye nilimuzalisha. Mutoto ni mwanaume. Bote babili ni bazima, nilibaacha kwa kanisa ya Lume."

Kwenye barabara ya chini lori la kakao lililokuwa linapanda likasimama katikati ya mteremko. Dereva akashuka, mlango akauacha wazi, na kutoka ndani ya lori tukasikia sauti ya Kasoki ikiendelea, sawasawa na iliyokuwa inatoka kwetu. Alipanda akikimbia, kandambili moja imebaki njiani.

"Nani ametaja Mbambu?" alikuwa anauliza kabla hajatufikia. "Nani amesema Mbambu? Ni miye Kasereka. Ni miye!"

Muhindo akaruka kutoka kwenye pikapu, akamshika mkono, akamwingiza studioni.

Redio ikabaki wazi. Tukasikia kiti kikivutwa, na pumzi za mtu aliyekimbia. Kisha Kasoki akarudi, karibu sana, kama anaongea na mtu mmoja tu:

"Mbambu, kama uko unasikia, bwana yako ameingia hapa kwa mulango sasa hivi."